Aliyemzika Mtu Hai

Katekista wetu alikuwa na masikio mabovu, na ndiyo sababu siri nyingi za parokia yetu zilijulikana. Siku za kazi alifua mabati yaliyochakaa na kuyageuza kuwa babula, yale majiko ya makala yaliyomo katika kila nyumba ya Goma, na nyundo ilikuwa imekula usikivu wake kidogo kidogo. Alipopiga magoti kando ya kitanda cha mgonjwa na kusema, "Tuombe kimya-kimya," ua mzima ulisikia. Mara moja, huko Katindo, alimnong'oneza Mungu habari za mume mmoja mgonjwa aliyekuwa na mke wa pili upande wa uwanja wa ndege. Mke wa kwanza alikuwa nje ya dirisha akichambua sombe, yale majani ya muhogo. Sala ile haikufika kwenye Amina.

"Papa Katekista," mama yule alisema, amesimama mlangoni na majani mkononi, "rudilia ile ya bibi wa pili. Mungu alisikia. Miye sikusikia muzuri."

Hakuwa pasta, wala hakutaka kuwa. Kanisa letu la Kianglikana ni dogo, kuta za mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na pasta wetu mmoja huzunguka makanisa mengine kadhaa. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na watu wasiovaa kola. Katekista aliwafundisha watoto kabla ya ubatizo, aliongoza sala za asubuhi, alitembelea wagonjwa na, pasta akiwa mbali, alizika. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomharibia usingizi wake. Alimzika mtu, akamsomea sala zote mpaka mwisho, na mtu yule alikuwa hai. Tangu siku mtu huyo aliporudi, Katekista alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mtu huyo aitikie salamu yake.

Lakini nikianza na hilo peke yake nitakuwa nimemfanyia kama tulivyomfanyia sote, kulifanya kosa lake liwe uso wake. Alikuwa na mambo mengine mengi.

Alikuwa na shati jeupe moja alilolipiga pasi ya makala kila Alhamisi, siku ya kundi letu la kutembelea watu. Vita vilipokuwa vimeshuka kutoka Rutshuru na barabara ya Kibati kujaa mabashi, yale maturubai ya wakimbizi, tulipanda huko kila juma, sisi wa kwaya na akina mama wachache, na sufuria ya uji, sabuni, na nguo tulizokusanya nyumba kwa nyumba. Kanuni yake ilikuwa moja: "Chungu mbele, Biblia nyuma." Aliyetangulia na Biblia alirudishwa mwisho wa mstari, hata awe mzee wa kanisa.

Siku yangu ya kwanza nilimwinamia bibi mmoja aliyekaa mlangoni pa kibanda chake nikamuuliza, kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, habari yake. Katekista alinivuta mkono.

"Mutoto, unamuuliza habari mutu mwenye kulala juu ya mawe? Habari yake iko naonekana. Kaa."

Nilikaa. Lava ilinichoma makalio kupitia suruali. Tulikaa hivyo bila neno mpaka bibi mwenyewe akachoka na ukimya wetu, akauliza kama sisi ni watu wa kuandikisha majina. Katekista akamwambia hapana, sisi ni watu wa kukaa. Bibi akacheka, mara ya kwanza pengine tangu akimbie kwake, akasema, "Basi mumepata kazi ya bure."

"Njo kazi yetu," alikubali Katekista, kwa sauti iliyomwamsha mtoto kibanda cha tatu.

Alituambia tusiahidi kitu kamwe katika kambi. Yeye mwenyewe aliahidi kila mtu: viatu, dawa, habari za ndugu aliyepotea. Kisha alihangaika mji mzima kutafuta alichoahidi, akirudi na nusu yake na kuomba radhi kwa nusu nyingine. Alihubiri juu ya kiasi, na chai yake ilikuwa nzito kwa sukari mpaka kijiko kilisita. Alikataza umbeya, ilhali hakuna aliyejua habari za Goma kama yeye. Karakana yake ilikuwa kando ya njia, karibu na ukuta wa kambi ya wanajeshi, na kila aliyenunua babula aliacha habari pale.

Jirani yake wa biashara alikuwa mama mmoja Mkatoliki, mtu wa upande wa Bukavu, aliyeuza sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye sinia. Hawa wawili walitaniana tangu asubuhi hadi jua kuzama.

"Katekista, siku gani watakupatia upasta?"

"Siku watu bataacha kukufa na kugonjwa. Nitakuwa na nafasi."

"Na ile kengele yenu, iko sufuria ao ni kengele?"

"Mungu anasikia sufuria, Mama. Kengele yenu kubwa vile, ni ya kuamsha nani? Yeye halalake."

Mama yule alicheka mpaka nzi wakaruka kwenye samaki. Siku mabomu yalipoanguka karibu na mji, ndiye aliyemficha chini ya meza yake, kwa sababu masikio yake hayakusikia mlio wa kwanza.

Hakuweza kungoja. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya yote. Nilipata kumwona akivunja kufuli ya jirani kwa nyundo ili kumtoa mtoto aliyebanwa na pumu, wakati baba mtu bado anatafuta ufunguo mifukoni. Katika baraza la parokia, wazee waliposema jambo fulani tulitazame mwezi ujao, aligonga meza: "Mwezi ujao mutu atakuwa alishakufa!" Tulimsifu kwa hilo. Tulisema mbele ya wageni kwamba katekista wetu haachi mtu ateseke hata dakika. Tulimlisha sifa hiyo miaka, naye akaishi kwayo.

Sasa nieleze.

Katika kambi ya Kibati alikuwapo mwanamke wa Kibumba, ana watoto na mmoja mgongoni. Mumewe alikuwa amerudi shambani kung'oa viazi kabla havijaoza, hakuonekana tena. Baada ya muda alikuja msafiri mmoja na koti la kijani lenye zipu iliyokatika. Alisema amelivua kwenye maiti kando ya barabara, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kusimama kuzika. Mwanamke alilitambua koti. Kilio kikaanza.

Na kwa watu wetu wa huku juu matanga hayafungwi hivi hivi. Mpaka marehemu azikwe na neno lisemwe juu yake, mjane hulala chini, haoshi kichwa, hapiki kwenye moto wake. Nyumbani jambo hilo huchukua siku chache na jirani wengi. Kambini, chini ni mawe makali, mvua inaingia, na moto wa jirani una watoto wake wa kulisha. Mwanamke yule alikaa matangani juma baada ya juma. Alikonda. Maziwa yakamkauka. Mdogo wa mumewe akaja kanisani kuomba sala za mazishi ili mjane ainuke.

Pasta alikuwa safarini. Kwa simu alisema, "Bila mwili, ngojeni."

Katekista alikata simu akatutazama. "Kungoja ni kazi ya batu benye vitanda," alisema.

Alhamisi ile tulichimba shimo dogo katikati ya mawe, tukalitia koti. Katekista alisoma yote, kwa sauti ile yake, jina la mtu, jina la kijiji chake, na kumkabidhi kwa Mungu. Sisi tuliimba. Mwanamke alinyolewa, akaoshwa, akawasha moto wake mwenyewe, na Katekista alilia kwa furaha kuona moshi ule. Baadaye, matanga yakiwa yamefungwa, mdogo mtu akamchukua mjane kama desturi inavyomruhusu, na kambi nzima ikaona ni vema.

Mume alirudi mwanamke akiwa na mimba kubwa.

Watu wenye bunduki walikuwa wamemkamata njiani wakambebesha mizigo hadi ndani ya misitu ya Masisi. Koti walimvua siku ya kwanza. Aliyelivaa ndiye aliyekufa. Yeye alitoroka, akatembea, akauliza, akafika Kibati amevaa gunia. Watoto wake mwenyewe walimkimbia. Hakumpiga mtu. Alimtazama mkewe, akamtazama mdogo wake, akauliza jambo moja: nani aliyemaliza matanga?

Alimkuta Katekista kwenye karakana. Mama wa sambaza alikuwapo, naye ndiye aliyetuhadithia, kwa sababu Katekista hakuwahi kuyarudia maneno yale.

"Bao balilia," mtu yule alisema. "Kulia haiue mutu. Ningerudi, wangefuta machozi. Weye njo ulifunga. Ulinifungia inje ya nyumba yangu."

Katekista alipiga magoti kwenye vipande vya bati. Mtu yule akaondoka.

Hakumrudisha mkewe. Alisema hawezi kumnyang'anya mtoto ambaye bado hajazaliwa baba yake. Alipanga chumba mjini, akaanza kusukuma chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao, akishusha makala na viazi kutoka milimani. Kila alipopita mbele ya karakana, Katekista aliacha nyundo, akasimama, akapaza sauti: "Jambo, Papa!" Mtu yule alipita. Gurudumu lilisikika juu ya mawe mpaka mbali, na Katekista akabaki amesimama kana kwamba jibu limechelewa tu njiani. Alikwenda hata chumbani kwake. Alibisha. Sauti ilitoka ndani: "Mutu mwenye alikufa hapokeaka bageni."

Mama wa sambaza hakumtania tena juu ya upasta. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Umuache, Katekista. Utamchosha."

"Nikimuacha," alisema, "nitakuwa nimemuzika mara ya pili."

Ajabu ni kwamba mwanamke mwenyewe alimshukuru. Alikuja kanisani na kichanga kifuani, akamngoja baada ya ibada. "Usijipige, Papa," alimwambia. "Siku ile nilikuwa niko nakufa pale chini. Ulinitoa. Hata sasa miye nasema aksanti." Katekista alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Maneno ya mume aliyavumilia, lakini aksanti ya mke ilimlaza kitandani siku mbili, kwa maana ilimwambia kwamba kama ingekuwa kufanya tena angefanya vilevile, naye alijua ni kweli.

Kuanzia hapo hakuzika tena bila kuona uso. Lilikuwa jambo la aibu kwa familia. Aliletwa marehemu mmoja, mzee mwenye watoto wakubwa, kutoka hospitali kwenye jeneza lililopigwa misumari, waombolezaji wamevaa sare ya kitambaa cha kikwembe, magari yamepangwa. Katekista akasimama mbele ya jeneza na kusema, "Mufungue." Wana wa marehemu walimvamia kwa maneno. Binti mkubwa alimwita mchawi. Hakubishana, hakufungua kitabu chake cha sala. Mwishowe walileta nyundo ya kung'olea misumari. Aliinama, akaweka kiganja kwenye paji la uso la marehemu, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyopendeza, kisha akainuka akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Njo yeye." Ndipo akasoma. Wengine walicheka chini kwa chini. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Na sisi? Pasta aliporudi alisema mbele ya wote kwamba kosa lile lilikuwa kosa la huruma, tukaomba, tukaimba, na kwetu shauri likaisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwenye kile chumba. Tulimwona Katekista akienda peke yake na shati lake jeupe, tukasema kwa upole, "Maskini, bado anajisumbua." Tulikuwa watu wengi kwenye lile shimo. Udongo tuliutia kwa mikono yetu. Lakini Katekista alipolitaja, miaka ile yote hakusema "tulimzika". Alisema "nilimzika", nasi tulimwachia neno hilo kama watu wanavyomwachia mmoja abebe jeneza lote. Hata leo ninapoandika, kalamu inapenda kuandika "alimzika". Tazama kichwa cha maandishi haya.

Mara ya mwisho kwenda naye Kibati ilikuwa baada ya kambi kuondolewa. Watu walikuwa wameambiwa warudi walikotoka, mabashi yalikunjwa, na kundi letu la Alhamisi lilikuwa limebaki watu wawili, yeye na mimi, tukitembelea wagonjwa wa mtaani. Alikuwa amezeeka haraka. Nilimkuta karakana akikunja ukingo wa babula, na kabla hatujaondoka gurudumu la mbao likasikika. Akasimama kama kawaida.

"Jambo, Papa!"

Chukudu ikasimama. Mtu yule hakuitika salamu. Aliiegemeza kwenye ukuta, akaja mpaka kwenye kivuli cha bati, akasema karibu na sikio la Katekista:

"Unionyeshe fasi ulinizika."

Tulipanda moto mbili, zile pikipiki za kukodi. Kibati ilikuwa imebadilika. Palipokuwa na vibanda elfu, wenye mashamba walikuwa wamerudi wakapanda maharage na viazi katika kila mfuko wa udongo kati ya mawe. Katekista alishuka na kuanza kutembea kwa uhakika, kisha kwa wasiwasi, kisha akaanza kuzunguka. Mawe yote yalikuwa meusi, yote sawa. Alipiga magoti akageuza moja, akageuza jingine. Mikono ikaanza kutoka damu, kwa maana lava hukata kama chupa. Nami nilikuwa nikigeuza, wala sikukumbuka ni wapi tulichimba.

Akina mama waliokuwa wakilima walinyoosha migongo.

"Muzee! Mulipoteza nini?"

"Tulizika mutu hapa!" Katekista alijibu, kwa sauti ya kufika Rutshuru.

Nililisikia neno hilo. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Nani?"

Mtu yule ndiye aliyejibu. "Miye."

Kisha mmoja wa akina mama, mnene, amefunga kitoto mgongoni, akaegemea jembe lake. "Basi, Papa, uko mufu mwenye afya. Bamoya kwetu hapa beko bazima na hawakufikie kwa afya."

Wenzake walicheka. Mtu yule hakucheka, lakini kitu kilipita kwenye shavu lake. Alimtazama Katekista aliyekuwa bado amepiga magoti, ameshika jiwe asijue aliweke wapi.

"Acha," alimwambia. "Utajikata vidole, na kazi yako ni ya vidole."

Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa amewahi kunitazama. "Na weye ulikuwako?"

"Nilikuwako."

"Ulifanya nini?"

"Niliimba. Niko mu kwaya."

"Basi uimbe," alisema. "Nisikie kitu baliniimbia."

Nilianza wimbo chini sana, nikaupandisha, na Katekista akaingia kwa sauti ya pili, mbali na noti kama kawaida yake, akiutazama mdomo wangu ili asipotee. Akina mama hawakurudi kulima. Mtu yule alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza injini aliyoambiwa ni mbovu. Tulimaliza.

"Njo ile tu?"

Upepo ulitikisa majani ya maharage.

"Mutu mzima," alisema taratibu, "baba ya batoto, na njo ile tu mulimuimbia?"

Nilitaka kusema lolote, lakini Katekista alinitangulia, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli.

"Wimbo iko na strofe, beti zingine, Papa. Siku ile mvua ilianza kunyesha. Tulikata."

Mtu yule alitazama juu, kwenye volkano, ambako wingu huwa halikosi, kisha akatutazama sisi wawili. Akatafuta jiwe pana, akakaa, akavua kofia na kuiweka gotini.

"Leo mvua haiko," alisema.